Mahindi na Maharage: Chungu Kimoja, Milo Mitatu

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba tuziweke kando habari za bei ya kahawa na za barabara mbovu, tuingie jikoni. Asikudanganye mtu kwamba jikoni hakuna habari. Kuni ni za shida, mkaa ni ghali, siku ya mama ni fupi, na maharage yanayotokota tangu saa nane mchana hadi saa mbili usiku ni habari nzito kuliko hotuba nyingi ninazotumwa kuzirekodi.

Kilichonisukuma ni swali nililoulizwa Kirua Vunjo, na mama mmoja aliyekuwa akichambua maharage barazani kwake. Aliniuliza: "Baba, hao watu wa Meksiko ninaosikia wanakula maharage na mahindi karibu kila siku, wanayapika vipi hata wasiyachoke? Sisi hapa watoto wakisikia makande wananuna." Nimelichukua swali hilo kama lilivyo. Jibu lake linafaa kwa yeyote anayetaka mchuzi mzito usio na nyama, maziwa wala mayai, unaoweza kupikwa mapema na kuliwa zaidi ya mara moja. Linamfaa aliyefunga Kwaresima, linamfaa aliyeambiwa na daktari apunguze nyama, na linamfaa yule ambaye mfuko wake umemwambia hivyo hivyo bila daktari.

Kwanza tujue jambo moja. Karibu kila kitu kilichomo ndani ya sufuria la makande asili yake ni huko huko Meksiko na nchi jirani zake. Mahindi yalitokana na jani la porini ambalo wakulima wa kusini mwa Meksiko walianza kulilea miaka 9,000 hivi iliyopita, hadi punje chache ngumu zikawa gunzi. Maharage haya tunayoyajua yalianza kulimwa Meksiko na pia katika milima ya Andes ya Amerika ya Kusini. Pilipili, maboga, nyanya na parachichi navyo vililimwa Meksiko karne nyingi kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Wareno walipofika pwani yetu mwaka 1498, njia ikafunguka, na katika karne zilizofuata mazao hayo yakaingia pwani na kupanda bara. Jina "mahindi" linatuelekeza India, lakini zao lenyewe halikuzaliwa India. Mababu zetu kabla ya hapo walikuwa na ulezi, kunde na viazi vikuu.

Safari haikuwa ya upande mmoja. Kitunguu, kitunguu saumu, binzari nyembamba, giligilani na ndimu vilikwenda Meksiko na Wahispania. Kwa hiyo mchuzi unaoitwa leo wa Kimeksiko ni ndoa ya pande mbili za dunia, na wewe uliyeko Kirua unavyo vyote: mahindi na maharage ya shamba la tambarare, parachichi na ndizi za kihambani, na viungo vya dukani Himo au Uchira.

Hata ukulima wao unafanana na wetu. Meksiko wana shamba la asili linaloitwa milpa. Humo hupandwa mahindi, maharage na maboga pamoja. Haragwe hupanda juu ya bua la hindi, boga hutambaa chini na kuziba jua lisikaushe udongo, na haragwe huongeza rutuba ardhini. Mkulima wa Vunjo anayechanganya mahindi na maharage shambani, na migomba, kahawa na magimbi kihambani, hahitaji kueleweshwa sana. Tena sisi tuna mbegu zetu za maharage, Lyamungu 85 na Lyamungu 90, zilizobeba jina la kituo cha utafiti kilichoko hapa hapa Kilimanjaro.

Sasa, kama vitu ni vile vile, tofauti iko wapi? Iko katika utaratibu. Sisi wengi tunatia vyote sufuriani, tunaongeza chumvi na magadi, tunaomba Mungu. Wao hupika kwa hatua, na kila hatua ina sababu yake. Chukua kalamu na karatasi.

Kwa watu wanane hadi kumi: maharage makavu nusu kilo, mahindi yaliyokobolewa ya makande nusu kilo, nyanya kubwa zilizoiva sita, vitunguu maji viwili vikubwa, punje tano za kitunguu saumu, pilipili hoho mbili, pilipili kali kavu moja, au mbili kwa wenye ujasiri, vijiko viwili vya chai vya binzari nyembamba, ile ya pilau, vijiko vinne vya chakula vya mafuta ya alizeti, chumvi, ndimu mbili, fungu la majani ya giligilani, na parachichi za kutosha mezani. Ukiwa na kipande cha boga, kiweke karibu.

Hatua ya kwanza ni usiku wa kuamkia siku ya kupika. Chambua maharage, yaoshe, yaloweke katika maji mengi. Mahindi nayo yaloweke katika chombo chake. Asubuhi mwaga maji yale. Punje iliyolala majini imekwisha kunywa, kwa hiyo moto haupotezi saa ya kwanza kuilainisha. Maji unayomwaga pia huondoka na sehemu ya kile kinachojaza watu gesi tumboni.

Hatua ya pili, bandika mahindi kwanza katika maji mapya, kwa sababu ndiyo magumu zaidi. Baada ya kama saa moja ongeza maharage. Yakichemka, yaache yachemke kwa nguvu, povu likipanda, nusu saa nzima, ndipo upunguze moto. Nusu saa hiyo usiibane. Haragwe bichi, hasa lile jekundu, lina sumu ya asili ambayo huleta matapishi makali na kuhara. Mchemko wa nguvu huiua. Moto mdogo usiofikisha maji kwenye mchemko hauiui, na waweza hata kuiongeza. Ndiyo maana maharage yaliyoiva nusu ni hatari kuliko yanavyoonekana.

Hapa lazima niseme neno na watu wa milimani. Dada yako aliyeolewa Kahe anaivisha maharage mapema kuliko wewe wa Kirua ya juu, na usidhani anakuzidi upishi. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, kiwango cha maji kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi joto moja. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Yanabubujika vile vile, lakini hayana moto ule ule. Kwa hiyo punje huchukua muda mrefu zaidi, na kuongeza kuni hakusaidii, kwa kuwa maji yakishachemka hayapandi joto tena. Kinachosaidia ni kuloweka na kufunika sufuria vizuri, na kwa mwenye uwezo ni sufuria la presha.

Hatua ya tatu ndiyo siri kubwa ya leo. Usitie nyanya wala ndimu kabla maharage hayajalainika. Uchachu huikaza ngozi ya haragwe. Ukitia nyanya mapema unaweza kuchochea moto hadi jogoo awike, na haragwe likabaki linakutazama. Subiri. Toa punje moja ya haragwe na moja ya hindi, ziminye kwa vidole. Zikisagika bila ubishi, sasa chungu kiko tayari kupokea nyanya.

Na magadi je? Najua akina mama wengi wa Kilimanjaro wanayategemea. Ni kweli magadi hulainisha. Lakini yana gharama. Yakizidi huharibu vitamini ya kundi B iliyomo katika maharage na kuacha ladha ya sabuni. Kubwa zaidi, magadi ya kaskazini mwa nchi yetu yana madini ya floraidi kwa wingi. Watafiti wa afya ya meno wameyahusisha na meno ya watoto kuwa ya kahawia na kumomonyoka, na floraidi ikizidi kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Ukiloweka usiku na kuchelewesha nyanya, huhitaji magadi.

Msikilizaji makini atauliza: mbona Wameksiko nao hutia kitu cha namna hiyo? Ni kweli, hutia chokaa ya chakula, lakini katika mahindi tu, na kwa sababu nyingine. Tangu kale huchemsha mahindi katika maji ya chokaa au majivu, huyaacha yalale, kisha huyaosha vizuri na kuyasaga. Kwa njia hiyo ganda hutoka, na vitamini iitwayo niasini, ambayo ndani ya hindi imefungwa, hufunguka na kuufaa mwili. Wageni waliochukua mbegu ya mahindi na kuacha elimu hiyo waliona cha moto. Huko Ulaya na Marekani, maskini waliokula mahindi karibu matupu waliugua pelagra: ngozi kubabuka, tumbo kuharisha, akili kuchanganyikiwa. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, hadi daktari Joseph Goldberger wa Marekani, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1914, alipoonyesha kwamba chanzo chake ni chakula duni. Usichukue chokaa ya kupaka ukuta ukaitia chunguni, tafadhali sana! Makande yenyewe yana dawa yake: maharage huupa mwili kile kinachopungua katika mahindi, na mahindi hufanya vivyo hivyo kwa maharage. Mama zetu waliovichanganya walikuwa wamefika palepale kwa njia nyingine.

Turudi mekoni kwa hatua ya nne, ambayo ndiyo itakayowaondolea watoto manung'uniko. Mpishi wa Meksiko hapendi kutumbukiza nyanya mbichi mchuzini. Huichoma kwanza. Chukua kikaango kikavu bila mafuta, au weka moja kwa moja juu ya makaa: nyanya, kitunguu kimoja kilichokatwa nusu, pilipili hoho, na saumu likiwa na maganda yake. Geuza hadi ngozi iwe na mabaka meusi na harufu ianze kuita majirani. Pilipili kavu iguse kikaango sekunde chache tu, isije ikaungua na kuwa chungu. Menya yaliyoungua sana, kisha twanga vyote katika kinu au saga juu ya jiwe. Mwenye mashine ya umeme atumie, umeme ukiwepo.

Katika kikaango hicho hicho kaanga binzari nyembamba bila mafuta, nusu dakika, uitwange. Sasa tia mafuta, kaanga kitunguu cha pili hadi kiwe cha dhahabu, tia binzari, kisha mimina ule mchanganyiko wa nyanya. Ukaange ukikoroga hadi uwe mzito na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hapo ndipo uumimine katika maharage na mahindi, pamoja na chumvi na vipande vya boga. Ponda upawa mmoja wa maharage uurudishe; huo ndio uzito wa mchuzi, hauhitaji unga wala nazi. Chemsha taratibu dakika ishirini. Ndimu na giligilani hutiwa sufuria likishaepuliwa, na parachichi hukatwa mezani, juu ya sahani. Parachichi likichemshwa huwa chungu.

Wanaume wenzangu, mnanisikia? Kuchoma nyanya juu ya makaa ni kazi ile ile ya kuchoma nyama ambayo hamuiachi mtu mwingine aifanye. Haipunguzi heshima ya mtu.

Sasa kuni. Watu wa Kirua wanajua kuliko mimi ukanda wa Nusu Maili, uliotengwa kando ya msitu mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na miti. Wanajua pia kwamba mwaka 2005 msitu wa mlima uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na kwamba mzigo wa kuni leo haupatikani kama zamani. Mlo wa punje kavu unakula kuni kuliko mlo mwingine wowote. Basi tumia kikapu cha kutunzia joto. Chukua tenga kubwa, tandika majani makavu ya mgomba yaliyobanwa sawasawa, chini na pembeni, unene wa shibiri moja. Maharage na mahindi yakishachemka kwa nguvu ile nusu saa niliyosema, na sufuria likiwa limejaa na kufunikwa imara, liepue likiwa bado linatokota, lifunge kwa kitambaa, lizamishe kwenye tenga na ulifunike kwa mto uliojazwa majani hayo hayo. Usifungue kwa saa tatu. Nenda shambani, nenda sokoni. Ukirudi, lirudishe motoni lichemke tena hadi punje ziive kabisa. Lakini usilale nalo humo usiku kucha. Joto likishashuka likawa vuguvugu, tenga linageuka kitalu cha vijidudu.

Na hapo tunafika kwenye akiba. Wahenga walisema akiba haiozi, ila hawakuwa wanazungumzia maharage. Mwenye friji apoze chakula upesi katika vyombo vipana, akiweke ndani kabla ya saa mbili kupita tangu kuepua, na akile ndani ya siku tatu. Kwenye jokofu la kugandisha kitakaa miezi miwili bila wasiwasi. Asiye na friji, na hao ni wengi, apike wa jioni na wa kesho tu. Usiku achemshe tena kabla ya kulala, afunike vizuri, asichovye kijiko kilichotoka mdomoni; asubuhi achemshe hadi kibubujike. Kikitoa povu, utelezi au harufu ya uchachu, kimwage, wala usiwape watoto eti umekichemsha. Sumu ya vijidudu vingine haiondoki hata kwa moto.

Asiye na friji ana akiba nyingine nzuri: viungo. Kausha pilipili hoho na pilipili kali juani, zisage pamoja na binzari nyembamba iliyokaangwa kavu, weka katika chupa kavu yenye kifuniko. Utakaa nao majuma kadhaa, na siku ya kupika nusu ya kazi imekwisha.

Milo mitatu ni hii. Jioni ya kwanza, mchuzi mzito wenyewe, pamoja na ndizi mshare za kuchemsha au wali. Asubuhi ya pili, chota kiasi, ponda, kaanga kwa kitunguu na mafuta kidogo hadi kiwe kama uji mzito. Kula kwa chapati au mkate. Wameksiko hufanya hivyo hivyo na maharage ya chungu ya jana. Mchana, ongeza maji ya moto na majani ya maboga kwenye kilichobaki, kichemshe, kiwe supu, na ndimu mpya juu. Chungu kimoja, lakini hakuna mtoto atakayesema amekula kitu kimoja mara tatu.

Nina maneno mawili ya afya kabla ya kumaliza. La kwanza: maharage yana madini ya chuma, ambayo mama mjamzito na mtoto huyahitaji sana, lakini mwili huyapokea kwa shida. Ndimu na nyanya husaidia yapokelewe. Chai na kahawa huyazuia. Kwa hiyo kikombe cha chai kisubiri saa moja baada ya mlo. La pili: anayeacha kabisa nyama, samaki, maziwa na mayai kwa muda mrefu amwone mtaalamu wa afya kuhusu vitamini B12, kwa kuwa haipatikani katika maharage, mahindi wala mboga zetu. Anayefunga siku arobaini hana sababu ya kuhofu.

Mama wa Kirua, jibu lako ndilo hilo. Watu wa Meksiko hawayachoki maharage kwa sababu hawayapiki kwa namna moja, na hawayaharakishi pale yasipotaka kuharakishwa. Loweka leo, chemsha kwa nguvu kesho, nyanya ije mwisho, na ndimu ije baada ya nyanya. Ukishika hayo manne, kuni zitapungua, magadi yatabaki dukani, na Jumapili utapata nafasi ya kukaa barazani kama watu wengine.

Kwa leo naishia hapa. Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo, saa na siku kama hii.